Muwatti, Hasawa Asiye na Mtoto

Hata leo ukiniuliza nilikuwa nawaza nini siku ile, sikuambii, maana sijui. Mwanangu Zuwa anaungua homa, haonji hata uji, nami nimesimama mlangoni kati ya wanawake wawili wanaogombania neno.

Hapa Hattusa, mji mkuu wa Wahiti, mtu akiugua huitiwa hasawa. Mimi nimekua nikijua hasawa ni bibi kizee mwenye uzi wa sufu na maneno ya kufukuza maradhi, basi. Sasa Muwatti, jirani yangu, hana hata unywele mmoja wa mvi, na bado anaitwa hivyo hivyo. Mama mkwe wangu, Hepawiya, hakutaka hata kumwona.

“Neno lenyewe limetoka kwenye kuzaa,” akafoka. “Hasawa ni mtu wa uzazi. Wewe umezaa nani, mgumba wee?”

“Sijazaa, bibi,” Muwatti akasema. “Nimezalisha. Huyu Zuwa alitua kwenye mikono hii hii. Umesahau?”

Lo! Nikachanganyikiwa kabisa. Huyu kasema kweli, na yule kasema kweli. Nimsikilize nani? Mtoto akalia, nikamvuta Muwatti ndani. Mama mkwe akabaki nje, akaubamiza mlango kwa hasira.

Muwatti akamfunga Zuwa uzi mwekundu mkononi na mguuni, akaufungua, akamfunga nao panya aliyekuja naye chunguni. “Beba homa hii, ipeleke milima ya mbali.” Akamwachia. Panya mbio hadi mlangoni, mlango umefungwa! Akageuka, akajichimbia nyuma ya mitungi ya shayiri.

Jamani, homa imebaki nyumbani! Muwatti akapiga ukelele. Mimi sikujua nilie au nishike ufagio.

Mama mkwe aliposikia kelele akafungua. Akaelewa alichofanya, akasawajika. Kisha akapiga magoti mbele ya mitungi, akamfokea panya. “Toka, mshenzi wewe! Mwache mjukuu wangu!” Muwatti akapiga magoti kando yake, wakasukuma mitungi bega kwa bega, mpaka panya akachomoka na uzi wake, akatokomea nje.

Tulikaa sakafuni tunahema. Mchana Zuwa akatokwa jasho, akafumbua macho.

“Mama,” akaita.

Tukaitika wawili, mimi na Muwatti. Muwatti akajiziba mdomo kwa aibu, akainuka aende zake. Mama mkwe akamshika nguo.

“Kaa, hasawa,” akasema. “Mtoto anakuita.”