Shikamoo Iliyochelewa

Juzi, tukiwa kwenye foleni ofisi ya misitu Korogwe, afisa kijana alimwaga magome ya dawa mezani bila hata kumwamkia mwenyewe, bibi mganga kutoka Kwedizinga.

"Ninyi waganga ndio mnaomaliza misitu!"

Bibi akanyoosha kiganja. "Nabandua upana huu tu, upande mmoja, halafu kidonda cha mti nakipaka udongo. Nikiuua mti, mgonjwa wa mwakani nimpe nini?"

Afisa akacheka. Mkuu wake akachungulia mlangoni.

"Bibi, karibu! Umetuletea tena mbegu za miti yako ya dawa, tuzipande kitaluni? Kwingine kote miti hiyo imekwisha kwa mkaa."

Kumbe adui wa msitu ndiye anayeiletea mbegu ofisi ya misitu!

Kijana akayakusanya magome, akamkabidhi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, bibi."

Foleni nzima tukamwitikia: "Marahabaa!"