Chapati Mbili Mbele ya Baba Mkwe

Aibu hii nilitaka nizikwe nayo, lakini mke wangu ameshaisimulia mtaa mzima kwa namna yake, basi afadhali muisikie na kwangu. Ilikuwa wakati wa vita, hapa Bujumbura, siku niliyokwenda mtaa wa Buyenzi kumposa Zuhura. Baba yake, mzee wa Kiarabu mwenye duka la vitambaa, aliniuliza tu nafundisha nini. Ningesema jiografia nikaendelea na pilau yangu. Mi nikachukua chapati mbili.

Nikamweleza kwamba ngozi ya dunia imekatika mabamba (mikono imejaa mafuta, najiona profesa wa Ulaya), nikazisukuma zikagongana zikajikunja, nikasema hapo ndipo milima inapozaliwa, nikazisugua ubavu kwa ubavu, nikasema hapo ni matetemeko matupu, halafu nikazivuta huku na huku na kutangaza kwa furaha kwamba sisi hapa tuko kwenye kuachana, ziwa letu lenyewe ni mtoto wa kuachana, na kuachana huko hakuna wa kukuzuia.

Shangazi wa Zuhura akaweka kijiko chini. "Hajaoa," akasema, "ameshataja kuachana mara tatu."

Natafuta pa kujificha, mara vikombe vikalia, ukuta ukatikisika, nikaona Mungu ameniletea ushahidi, nikasimama kuwaambia wasiogope, ni mabamba yanasogea. Hakuna aliyenisikiliza, wote walikuwa wamelala kifudifudi. Mzee akanivuta pantaloni.

"Prof, lala. Hilo bamba linatoka mlimani."

Kumbe bomu la waasi waliokuwa milimani. Lilipoanguka la pili, karibu zaidi, nilijitupa bila kuangalia, nikakaa katikati ya sinia la pilau (bado la moto), nikapiga ukelele uliolishinda bomu lenyewe.

Kulipotulia (mabomu yaliangukia kiwanja kitupu, alhamdulillahi) nilirudi kwetu nimejifunga shuka la mzee, zabibu zimenigandia mapajani, nikijua posa imekufa. Kesho yake akaniita dukani. Akasema vijana wa siku hizi wanajua sauti ya kila bunduki, na wanaojua sana wanaishia kwenda kuibeba. Yeye binti yake anampa mtu asiyeweza kutofautisha bomu na tetemeko, maana huyo atabaki nyumbani.

Nilishukuru, ingawa mpaka leo sijui kama nilisifiwa au nilitukanwa. Ila tangu siku ile kitu kikitikisika nalala chini kwanza, sababu yake nauliza baadaye, hata kama ni lori la mchanga linapita.