Ukuta Aliousiriba Shangazi

Mama alipokufa, shangazi alifanya ambacho mwanamke yeyote wa Masanze angefanya: alisiriba ukuta. Waombolezaji wangekaa mikekani chumba cha mbele, migongo yao ukutani, na nani angewaacha wageni waegemee ukuta mchafu? Akakanda udongo, akasiriba kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno. Kule juu, damu ilikokuwa imerukia, udongo ulimwishia, akatundika kanga.

Polisi walifika kutoka Kilosa kesho yake, barabara ikiwa tope tupu. Walikuja na mpiga picha wa harusi wa Mikumi, mwenye kamera mpya isiyotumia filamu. Wakafunua kanga, wakapiga picha, wakamchukua baba.

Baba alisema mama aliteleza, akapiga kichwa kwenye jiwe la kusagia. Nilimwamini kwa ubishi wangu wote. Niligombana na majirani waliokumbushia ugomvi wa baba na mama, na jinsi baba alivyozidisha pombe tangu shamba la mkonge liuzwe kwa mwekezaji na yeye apunguzwe kazi. Pombe haimfanyi mtu kuwa muuaji, niliwaambia.

Miezi ikapita, baba yuko mahabusu, ndipo mtaalamu akaja kutoka Dar es Salaam na kompyuta ya kukunja. Niliitwa kituoni peke yangu, nieleze chumba kilivyokuwa. Alikuwa mtu mpole, na upole wake sikuupenda. Akanionyesha ukuta wetu kwenye kioo. Kompyuta ilipima urefu na upana wa kila tone, maana tone lililopiga ukuta kimshazari huacha doa refu, kisha ikachora mstari wa kurudi lilikotoka. Mistari ikikutana, hapo ndipo kichwa cha mama kilipokuwa. Niliona damu ya mama imegeuzwa hesabu za shule, nikatamani kukifunga kile kidude kwa kofi.

Mistari haikukutana. Picha zilipigwa kwa upande, na matone ya kupimika yalikuwa machache. Mistari mingine ilielekea magotini, mingine juu ya kichwa cha mtu.

"Ningekuwa na sehemu ya chini, dada, ningekwambia kitu," alisema. "Kama aliangukia jiwe, damu ilianzia chini, na ukuta wa chini ungejaa matone. Kama chini palikuwa safi, basi alipigwa akiwa amesimama."

Nilimfuata shangazi kwake, kijiji cha Ulaya, hukuhuku Kilosa, kumuuliza kama aliona damu pale chini.

"Nilisiriba huku nalia, mwanangu," alisema. "Ningeona nini?"

Baba akaachiwa, ushahidi haukutosha. Nilimshukuru Mungu kanisani kwa sauti, makusudi, majirani wasikie. Lakini nikimwekea chakula nilijikuta naitazama mikono yake, na hilo lilinitesa. Nilitaka kumtetea nikiwa na kitu cha kuonyesha. Basi siku moja, baba akiwa shambani, nilichukua kisu, nikapiga magoti, nikaanza kuukwangua udongo wa shangazi taratibu, natafuta madoa chini yake. Niliomba niione damu ya mama yangu. Hakuna mtoto anayepaswa kuomba dua ya namna hiyo.

Baba akaingia na jembe begani.

"Unatafuta nini hapo?"

"Damu, baba. Nataka watu wajue ulisema kweli."

Akaegesha jembe mlangoni. Sauti yake ilikuwa laini, ya kunibembeleza kabisa, sauti niliyokuwa nimeikosa tangu udogo wangu.

"Acha, mwanangu, utajichosha bure. Huko chini halikufika hata tone. Yote ilirukia juu."

Hakuwa ameyasikia maneno ya yule mtaalamu. Hakuna aliyemwambia, hata mimi. Alidhani ananipunguzia kazi. Nikabaki nimepiga magoti pale, nikajua kwamba mama alikuwa amesimama, na kwamba aliyekuwa mbele yake ni huyu.

Nilikiweka kisu chini.

Asubuhi yake baba alitoka chumbani, akasimama mlangoni kungoja shikamoo yake, kama kila siku tangu nilipojua kusema. Nikachukua ndoo yangu, nikampita.