Vinaka, Nimeshiba

Mereoni alikuwa na akili, tena nyingi, mtu asiwadanganye. Lakini mwaka wa pili chuoni Suva alianguka mtihani wa kemia, akaambiwa atarudia mara moja tu. Akianguka tena, ufadhili basi, arudi kwao kisiwani Kadavu. Akajifungia na vitabu. Asubuhi hali kitu, mchana tambi za pakiti, tena anazitafuna kavu huku anasoma. Akifungua ukurasa, herufi zinamchezea. Akaanza kuamini kwamba yeye ni bozi. Bozi! Tumbo tupu linamsema vibaya, naye analisadiki.

Kila asubuhi alipita mlangoni kwa jirani yake, Bibi Salanieta. Bibi, kama sisi sote, hawezi kuwa anakula akaona mtu anapita akanyamaza.

"Mere, njoo ule!"

"Vinaka, Bibi, nimeshiba!"

Ndiyo adabu yetu. Unaitwa, unashukuru kwa "vinaka", unapita zako. Hata mwenye sufuria tupu huita. Mereoni alilelewa vizuri mno, na adabu hiyo nusura immalize.

Asubuhi moja, mtihani ukiwa umekaribia, kizunguzungu kilimshika palepale mlangoni. Bibi akaita. Mereoni akafungua kinywa aseme ameshiba, machozi yakatangulia.

"Bibi, sijashiba. Nina njaa tangu chuo kifunguliwe."

Bibi akaangua kicheko. "Loo! Siku zote nakuita, leo ndiyo masikio yamezibuka? Kaa chini, mtoto wewe!"

Magimbi, samaki, mboga ya majani ya magimbi kwa tui zito. Alikula bila aibu hata kidogo.

"Na kesho?" Bibi akauliza.

"Kesho nakuja."

"Usipokuja nakufuata na mwiko."

Akaja kila siku. Vitabu vilikuwa vilevile, mwalimu yuleyule, ila sasa alichosoma asubuhi kilikuwepo kichwani hadi jioni. Siku ya mtihani aliandika mpaka kidole kikamuuma, akatoka anatabasamu, na alifaulu vizuri sana.

Leo yeye ndiye anayefundisha kemia pale chuoni, na asubuhi mlango wake u wazi. Juzi kijana wa mwaka wa kwanza alikuwa anapita, macho yamemwingia ndani.

"Njoo ule!"

"Vinaka, mwalimu, nimeshiba."

"Hata mimi nilisema hivyohivyo, mwaka ule nilioanguka," Mereoni akamwambia. "Ingia."