Sakafu ya Bi Kazija Haigongwi kwa Chuma

Saa moja asubuhi, juu ya nyumba ya ghorofa mbili mtaani Kiponda, wanawake kumi na wawili wamechuchumaa kwa safu wakipiga chokaa mbichi kwa vibao vya mti. Bi Kazija Silima anaimba mstari mmoja, wenzake wanaitikia. Ni siku ya tatu ya kulipiga paa hili bapa, ambalo wenyewe huliita sakafu.

"Nshapiga sakafu tangu sijavunja ungo," anasema bila kuinua macho. "Usipoipiga, yapasuka. Ukiipiga kwa pupa, yapasuka vilevile."

Tangu afiwe na mumewe mwaka 1966, miaka kumi sasa, watoto wanne wanakula kwa kazi hii. Viganja vyake vimekuwa vigumu kama kisigino, na anavionesha kwa fahari.

Juzi nusura kazi impotee. Msimamizi wa ujenzi, Bwana Matar, alikuja na karatasi ya zamani ya maelekezo, yote kwa Kiingereza. Kuhusu sakafu, imeandikwa "ram". Matar, mtu wa kamusi, akaeleza kuwa maana yake ni kushindilia kwa kishindo, na kwamba huenda neno lenyewe limetokana na kondoo dume, kwa vile anavyopiga kichwa. Akaleta chuma cha kushindilia barabara, cha kubebwa na wanaume wawili.

Bi Kazija akakaa kitako juu ya chokaa.

"Kondoo hapandi darini, bwana! Chini yetu mna boriti, si barabara ya Bububu. Ukitaka kugonga, anza na mimi."

Matar alikasirika, akakirudisha chuma, lakini akatoa sharti: sakafu ikivuja itavunjwa, nyumba itaezekwa mabati, na wanawake watafute kazi nyingine.

Wiki moja baadaye, chokaa imeshika. Mifereji ya paa inazibwa, maji yanamiminwa juu na kuachwa mpaka kesho yake, ionekane kama itavuja.

"Ati haogopi," ananong'ona shoga yake, Tabia. "Toka jana hajatia kitu mdomoni."

Asubuhi Matar anapita chini na kurunzi, akipapasa boriti moja moja.

"Pakavu," anasema kwa sauti ndogo.

"Sema kwa nguvu, huku juu hatujasikia!" anaita Bi Kazija kutoka darini.

"Pakavu, Bi Kazija!"

Vigelegele vinasikika mpaka mtaa wa pili. Bi Kazija anajifuta machozi kwa upindo wa kanga, wala hajifichi.

Sasa anaitwa kwenye nyumba nyingine, Malindi. Amekubali, ila kwanza Matar aandike karatasi mpya, kwa Kiswahili: sakafu hupigwa kwa vibao, siku tatu, bila chuma.

"Na chini utie jina langu, Kazija binti Silima," anamwambia. "Mie kusoma ndiyo kwanza nnajifunza, lakini mwanangu Shemsa anajua. Nataka anisomee."