Mistari Ndani ya Kifua cha Dada

Dada yangu alirudi kijijini kwetu Tlawi akiwa na titi moja la kuzaliwa nalo na jingine la silikoni. Kansa ilimkuta akiwa Dar es Salaam, akapelekwa India kutibiwa. Huko wakaondoa titi la kushoto, wakamwekea kipandikizi, yaani kifuko laini kilichojazwa silikoni. Mama aliambiwa tu kwamba mwanawe amepasuliwa na amepona. Habari za kile kifuko nilizijua mimi peke yangu, kwa sababu kazi yangu ni kupima watu kwa utrasaundi katika hospitali moja ndogo huku Katesh.

Madaktari walimwonya kwamba kifuko kinaweza kupasuka bila maumivu yoyote. Kwa hiyo kila mwaka, baada ya kuvuna maharage, alikuja kwangu.

"Hayo mafuta yako ni ya baridi, mdogo wangu," alikuwa akilalamika nikimpaka ile jeli kifuani. Tulicheka, nikampima, akarudi nyumbani na jibu jema.

Mwaka juzi niliona mstari mfupi pembeni mwa kifuko. Nikajiambia ni mkunjo, maana vifuko hivyo hukunjika. Nilipaswa kumwita daktari auangalie. Lakini dada alikuwa anawahi gari la Dongobesh la kurudi nyumbani, nami nilishazoea kumpa jibu jema. Nikaandika kuwa hakuna tatizo.

Mwaka jana hakusubiri mavuno. Alikuja katikati ya masika, viatu vimejaa tope, na hata shikamoo yangu hakuiitikia vizuri. Titi la silikoni lilikuwa limekuwa gumu na kukaa upande. Kwapani palikuwa na uvimbe.

"Ule ugonjwa umerudi," alisema. "Usinifiche."

Nilimpima. Ndani ya kifuko, mahali panapotakiwa kuonekana peusi na kutulia, palikuwa na mistari mingi, mmoja juu ya mwingine kama vipago vya ngazi. Lilikuwa ganda la kifuko, limepasuka na kudidimia kwenye silikoni yake. Kwapani kulikuwa na weupe kama ukungu, na nyuma yake sikuona kitu.

Nikamwita daktari. Akaangalia kwa muda mrefu, kisha akamwambia dada kwamba kwa anavyoona, kifuko kimepasuka na silikoni imefika kwapani. Kama kuna kansa, hawezi kusema mpaka kinyama cha ule uvimbe kikapimwe hospitali kubwa.

Akanigeukia. "Picha za mara ya mwisho zikoje?"

Nikazifungua. Mstari ulikuwepo, tena mrefu kuliko nilivyoukumbuka.

"Uliuona?" dada aliniuliza.

"Niliuona, dada."

"Ukasema ni nini?"

"Nikasema ni mkunjo."

Alijifuta jeli taratibu, akafunga vifungo vya blauzi kimoja kimoja. "Muda wote huu nabeba ndoo za maji kwa mkono huu," alisema, "najiona mzima."

Hospitali kubwa walikitoa kifuko na silikoni yote waliyoweza kuifikia. Kinyama hakikuwa na kansa. Nililia kwa shukrani pale koridoni, lakini dada hakulia. Walipomuuliza kama awekewe kipandikizi kingine, alikataa. "Sitaki tena kitu cha kuchunguliwa kila mwaka," alisema.

Alirudi Tlawi kifua kikiwa bapa upande mmoja, na kidonda hakikumruhusu kuoga mwenyewe. Mama ndiye aliyemwogesha, na hapo ndipo dada alipomweleza yote. Nilipofika Jumamosi nilimkuta mama anachambua maharage.

"Kumbe wewe ulijua," alisema.

"Nilijua, mama."

"Na mashine unayo mwenyewe."

Aliendelea kuchambua. Tangu siku hiyo shikamoo yangu anaiitikia, na chakula ananiandalia sebuleni, kama mgeni.

Kazini sasa nikiona mstari wowote namwita daktari, hata kama kuna foleni ndefu mlangoni. Mara nyingi ni mkunjo kweli.

Dada hajawahi kunitamkia neno baya. Nikipiga simu anapokea, ananiuliza habari za watoto, ananiambia mvua ikoje huko juu Tlawi. Titi lililobaki bado linahitaji kupimwa. Mwaka huu alikwenda kupimwa Babati, nami nilijua kutoka kwa jirani yao.