Mume Wangu Hali Kambare wa Bwawa Letu

Admin, nifiche jina, wengi hapa ni wateja wangu. Mimi ni mama wa miaka 36, mzaliwa wa Bungoma, nimeolewa huku Kitale. Nyuma ya nyumba tuna bwawa la kambare. Mume wangu hulisha, mimi huuza sokoni. Chakula cha samaki kilipopanda bei aliacha kununua, lakini samaki wakazidi kunenepa. Nilimsifu mpaka kanisani, mjinga mimi.

Asubuhi moja mteja alitaka samaki haraka, nikaenda bwawani bila kumwambia mume wangu. Nilimkuta anamwaga gunia la kuku wa broila waliokufa kwa ugonjwa. Huwaokota kwa wafugaji wanaotaka kuwatupa. Wengine walikuwa na funza tayari. Kambare waliwavamia na maji yakachafuka yote. Nilitapika hapo hapo kwenye nyasi, na yeye akacheka.

"Si samaki hula kila kitu, bana! Kwani mteja atajua? Ukikaanga vizuri, ugonjwa yote inakufa."

Wiki hiyo hiyo mama yangu akaja kututembelea. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai meza moja, heshima ya mkwe huonekana kwenye chakula anachoagiza mama mkwe apikiwe. Nilikuwa bado nawaza nimpikie nini mama, mume wangu akaniita mlangoni na kuninong'oneza, "Usimpikie hizo za bwawa. Huyo ni mama mkwe, ati. Chinja jogoo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miezi yote hiyo hakuonja samaki, ati tumbo lake linakataa. Mimi na watoto tulikuwa tunakula karibu kila Jumamosi na yeye ametukodolea macho, anakula sukuma wiki yake. Mama mkwe anamwonea aibu, sisi hapana! Siku hizi akinawa mikono mimi huondoka mezani.

Sasa akina mama wa kanisa wameagiza kambare wa kupikia wageni Jumapili hii, na mimi ndiye msimamizi wa jikoni. Nikisema ukweli, wataniuliza nimekuwa nikiwalisha nini. Nikinyamaza, nitawapakulia kwa mkono wangu.

Jana kitinda mimba wangu ameniuliza mbona siku hizi simwekei kichwa cha samaki, chakula anachokipenda kuliko vyote. Ndugu zangu, ningekuwa dada yenu, mngeniambia nianzie wapi?